Wavu Ndani ya Mwili: Matatizo ya Baada ya Upasuaji wa Ngiri na Wajibu wa Lugha

Utangulizi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii inaafiki ugonjwa wa ngiri kuliko maradhi mengi, kwa kuwa ngiri aghalabu hutokeza kinenani, karibu na sehemu za siri, na mwenye kuugua huifunika kwa nguo na kwa maneno. Atasema ana "mshipa", na msikilizaji hatajua iwapo ni ngiri, ni busha, au ni mshipa wa damu uliovimba. Siku maumivu yanapomshinda na kumfikisha hospitalini, huelezwa kwamba atapasuliwa na kuwekewa wavu. Hutia sahihi au kidole gumba, akaingia chumba cha upasuaji, akatoka. Swali linalozuka ni hili: alipokubali, alikubali nini hasa?

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi wavu wa upasuaji unavyofanya kazi, matatizo yanayoweza kumpata mgonjwa baada ya kuwekewa, na kwa nini maelezo hayo yanapaswa kutolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hoja inayotetewa ni kwamba manufaa ya wavu na madhara yake hububujika kutoka chemchemi moja. Kile kinachoufanya wavu uzibe tundu ndicho hicho kinachoufanya uwe mgumu kuondolewa unapoharibika. Mgonjwa asiyeelezwa jambo hili mapema hujikuta akilijifunza akiwa amechelewa.

Ngiri ni Nini?

Ukuta wa tumbo umeundwa kwa tabaka za misuli na utando mgumu unaozuia matumbo yasitoke mahali pake. Panapotokea udhaifu katika ukuta huo, utando wa ndani husukumwa nje mithili ya kifuko, na mafuta au kipande cha utumbo hufuata. Uvimbe huo ndio ngiri. Ipo ngiri ya kinena, ambayo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Ipo ngiri ya kitovu. Na ipo ngiri ya kovu, yaani ile inayozuka mahali palipowahi kupasuliwa, mathalani kovu la mama aliyejifungua kwa upasuaji.

Udhaifu huo mtu anaweza kuzaliwa nao au kuupata ukubwani. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo mara kwa mara, ujauzito, unene wa kupindukia na kazi ya kuinua mizigo mizito huongeza shinikizo ndani ya tumbo. Uvutaji wa sigara nao hudhoofisha nyuzi za mwili zinazopaswa kuushikilia ukuta huo.

Kwa mtu mzima, ngiri haiponi kwa dawa ya kunywa, kuchuliwa wala kufungwa mkanda. Hatari kubwa ni utumbo kunaswa katika tundu hilo na kunyongwa hadi ukakosa damu. Hali hiyo ikitokea, sehemu ya utumbo inaweza kufa katika muda wa saa chache, na mgonjwa huhitaji kupasuliwa kwa dharura. Ndiyo maana upasuaji ni tiba ya lazima kwa wagonjwa wengi, na lolote litakalosemwa hapa kuhusu madhara ya wavu lisichukuliwe kuwa sababu ya kuikimbia hospitali.

Kutoka Uzi hadi Wavu

Mnamo 1887, daktari mpasuaji Edoardo Bassini wa Padua nchini Italia alitangaza mbinu ya kuujenga upya ukuta wa kinena kwa kuzishona tabaka za misuli pamoja. Mbinu hiyo ilikuwa mwamko mpya katika taaluma ya upasuaji, lakini ilikuwa na kasoro moja. Anayeshona shati lililochakaa kwa kuvuta kingo mbili zikutane, badala ya kutia kiraka, hujua kwamba nguo itatatuka tena pembeni mwa ule mshono. Misuli nayo hutenda vivyo hivyo. Ikivutwa kwa nguvu, uzi huikata polepole na ngiri hurudi.

Madaktari wakaanza kutafuta kiraka. Katika miaka ya 1940 zilijaribiwa nyavu za metali iitwayo tantalumu, ila zilivunjikavunjika mwilini kwa kukunjwakunjwa. Mnamo 1958 Francis Usher wa Houston, Marekani, alitangaza wavu wa plastiki ya polietilini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akageukia polipropilini, ambayo ingali inatumiwa sana hadi leo. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles alieneza mbinu ya kuweka wavu kinenani bila kuivuta misuli hata kidogo. Kiraka kilikuwa kimepatikana.

Takwimu ziliunga mkono mabadiliko hayo. Utafiti uliofanywa nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha wagonjwa wa ngiri ya kovu walioshonwa kwa uzi pekee na wale waliowekewa wavu. Baada ya miaka 3, ngiri ilikuwa imewarudia asilimia 43 ya walioshonwa na asilimia 24 ya wenye wavu, miongoni mwa waliotibiwa ngiri hiyo kwa mara ya kwanza. Wagonjwa wote walipofuatiliwa kwa miaka 10, viwango vilifikia asilimia 63 na asilimia 32. Kwa maneno mengine, wavu ulipunguza tatizo kwa takriban nusu, ingawa haukulimaliza.

Fito na Udongo

Neno "wavu" humjengea msikilizaji taswira ya nyavu za wavuvi, kitu kinachotupwa, kikanasa, kisha kikavutwa nje. Taswira hiyo inapotosha. Wavu wa upasuaji haukai mwilini kama wavu wa samaki. Mfano unaoukaribia zaidi ni ukuta wa nyumba ya udongo. Mjenzi husimamisha fito, akazifunga, kisha akakandika udongo hadi ukapenya katika kila mwanya. Udongo ukikauka, fito na udongo huwa kitu kimoja. Nguvu za ukuta hazitoki kwa fito pekee wala kwa udongo pekee.

Ndivyo inavyokuwa ndani ya tumbo. Mwili hautambui plastiki kuwa sehemu yake. Seli za ulinzi huuzingira kila uzi wa wavu, na kwa kuwa haziwezi kuumeng'enya, huchochea seli nyingine kufuma nyuzi za kolajeni kuuzunguka. Kovu hukua likapenya katika vitundu vya wavu na kuushikilia kwenye misuli. Uvimbe huu wa ndani, ambao kwa kawaida ni mdogo na hausikiki, ndio unaoutia ukuta wa tumbo nguvu. Daktari hautegemei wavu wenyewe tu; anautegemea mwili uupinge wavu huo kwa kiasi.

Tatizo huanza kiasi hicho kinapozidi, au wavu unapokaa mahali pasipofaa, au vijidudu vinapopata makao ndani yake. Na kama ambavyo fito haziwezi kung'olewa bila kubomoa ukuta, wavu uliokwisha kukaliwa na kovu hauondolewi pasi na kuijeruhi misuli, neva na hata matumbo yaliyo karibu.

Matatizo Yenyewe

Matatizo ya awali hutokea katika siku au majuma ya kwanza. Damu inaweza kuvilia chini ya ngozi, au majimaji yakajikusanya palipokuwa na ngiri, yakaleta uvimbe unaomtia mgonjwa hofu kwamba ngiri imerudi. Aghalabu majimaji hayo hufyonzwa na mwili yenyewe. Daktari hukawia kuyavuta kwa sindano kwa sababu sindano yenyewe inaweza kuingiza vijidudu.

Uambukizo ni tatizo zito zaidi. Unaweza kujitokeza mapema au baada ya miaka kadhaa, kwa wekundu, joto, homa, au kidonda kinachotoa usaha na kukataa kufunga. Bakteria hujishikiza kwenye nyuzi za plastiki na kujifunika utando wao wenyewe ambao viuavijasumu hupata taabu kuupenya. Fauka ya hayo, ukubwa wa vitundu vya wavu una athari kubwa. Bakteria ana ukubwa wa takriban mikroni moja, ilhali seli za ulinzi huhitaji mwanya wa zaidi ya mikroni 10 ili zipite. Wavu wenye vitundu vidogo kuliko hivyo huwa ngome: adui anaingia, mlinzi anabaki mlangoni. Ndiyo maana wavu wa aina hiyo ukishaambukizwa mara nyingi hulazimu kuondolewa, ilhali wavu wa polipropilini wenye vitundu vikubwa huweza wakati mwingine kuokolewa kwa kusafishwa na kutibiwa kwa dawa.

Maumivu sugu ni yale yanayoendelea zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji. Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena iliyotolewa mwaka 2018 inakadiria kwamba maumivu ya kiasi cha kumsumbua mgonjwa huwapata asilimia 10 hadi 12 ya waliopasuliwa kinena. Ni haki kuongeza kwamba si wavu pekee unaoyaleta, kwani neva zinaweza kukatwa au kunaswa hata katika upasuaji wa uzi mtupu. Hata hivyo, kovu linaloota kuzunguka wavu linaweza kuzibana neva za kinena, na mgonjwa akasikia mwasho, ganzi, au maumivu kama ya kuchomwa anapokaa, anapoinama au anapokutana na mwenzi wake. Maumivu haya hayaonekani kwa macho, na mwenye nayo anaweza kudhaniwa mvivu au mwenye kudeka.

Kusinyaa na kuhama ni tatizo jingine. Kovu lolote hunywea likikomaa, na likinywea huuvuta wavu pamoja nalo. Wavu unaweza kukunjika, ukawa mgumu kama kibonge, au ukaachia upande mmoja na ngiri ikapita hapo. Kwa nadra wavu huhama kutoka mahali pake na kupenya katika viungo vya jirani kama vile kibofu.

Tatizo linaloogopwa zaidi ni lile linalohusu matumbo. Wavu usiokuwa na utando wa kinga ukigusana na utumbo, huweza kushikamana nao. Utumbo ukishikwa hivyo unaweza kujipinda na kuziba, mgonjwa akatapika, tumbo likajaa na haja ikakataa kutoka. Wavu unaweza pia kuutoboa utumbo na kuzua nasuri, ambayo wengi huijua kwa jina la fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoa uchafu wa tumboni hadi kwenye ngozi. Hali hizi si za kawaida, lakini zikitokea humhitaji mpasuaji mwenye tajriba na mgonjwa mwenye subira.

Mara nyingine kasoro huwa katika kifaa chenyewe. Mnamo Desemba 2005, baadhi ya nyavu za Composix Kugel zilianza kurejeshwa kutoka hospitali za Marekani kwa kuwa pete ya plastiki iliyozitandaza iliweza kuvunjika na kutoboa utumbo. Mnamo 2016, wavu wa Physiomesh uliondolewa sokoni baada ya daftari za kitaifa za Denmark na Ujerumani kuonyesha kwamba waliowekewa walirudi kupasuliwa kwa wingi kuliko wenye nyavu nyingine. Kasoro hii ya pili iligunduliwa kwa sababu nchi hizo huandika nani amewekewa wavu gani, kisha huwafuatilia. Pasipo daftari, mateso ya kila mgonjwa hubaki siri yake na daktari wake.

Mizani ya Faida na Hasara

Utafiti mwingine wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia wagonjwa 3,242 waliopasuliwa ngiri ya kovu kati ya 2007 na 2010. Baada ya miaka 5, waliorudi kupasuliwa kwa sababu ngiri imezuka tena walikuwa asilimia 17.1 ya walioshonwa kwa uzi tu, asilimia 12.3 ya waliowekewa wavu kwa kupasuliwa wazi, na asilimia 10.6 ya waliowekewa wavu kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera. Upande huo wavu ulishinda. Lakini matatizo yaliyotokana na wavu wenyewe yaliendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka, yakafikia asilimia 5.6 kwa waliopasuliwa wazi na asilimia 3.7 kwa waliopasuliwa kwa kamera, ilhali kwa wasiokuwa na wavu matatizo ya muda mrefu yalikuwa asilimia 0.8. Watafiti walihitimisha kwamba sehemu ya faida ya wavu humezwa na madhara yake ya baadaye.

Matokeo haya hayasemi kwamba wavu ni sumu. Yanasema kwamba uamuzi hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Miongozo ya Ulaya na Marekani ya mwaka 2020 inaruhusu ngiri ndogo ya kitovu, yenye tundu lisilofika sentimita 1, ishonwe kwa uzi, huku ikipendekeza wavu kwa tundu kubwa zaidi. Kwa ngiri ya kinena, wavu unapendekezwa, lakini mbinu ya Shouldice, iliyoasisiwa nchini Kanada, inatambuliwa kuwa bora miongoni mwa zile zisizotumia wavu. Vilevile mgonjwa mwenyewe ana nafasi yake. Kuacha sigara, kupunguza unene na kudhibiti kisukari kabla ya upasuaji usio wa dharura hupunguza uwezekano wa uambukizo.

Afrika Mashariki imechangia mjadala huu kwa namna ya pekee. Kwa kuwa wavu wa kiwandani ni ghali, watafiti waliwapasua wanaume 302 wenye ngiri ya kinena mashariki mwa Uganda, nusu yao wakiwekewa wavu wa kiwandani na nusu wavu wa kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa ya wadudu na kilichotakaswa hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mgonjwa mmoja tu wa chandarua na hakuna hata mmoja wa wavu wa kiwandani. Matatizo ya baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 30.8 na asilimia 29.7, tofauti isiyo na uzito. Utafiti huo uliwapa matumaini maskini wengi. Pamoja na hayo, mwaka mmoja ni muda mfupi ukilinganishwa na miaka ambayo wavu hukaa mwilini, na wavu wa bei nafuu huhitaji maelezo sawa na wavu wa bei ghali.

Suala la Lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, faida zake, madhara yake na gharama zake, na kila inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kutia sahihi fomu ya Kiingereza iliyosomwa haraka hakutimizi maana ya sheria hiyo.

Kikwazo si uhaba wa maneno. Kiswahili kina ngiri, busha, kinena, kovu, usaha, ganzi na nasuri. Kikwazo ni maneno hayo kutumiwa ovyo. "Mshipa" unapobeba maana ya ngiri, busha, neva na njia ya damu kwa wakati mmoja, mgonjwa na daktari wanaweza kukubaliana kwa sauti wakatofautiana kwa maana. Neno "wavu" nalo, likiachwa peke yake, halisemi kwamba kifaa hicho kitabaki mwilini daima.

Chukulia kwamba mkulima wa miaka 60 ameketi mbele ya daktari kijana. Maelezo yanayofaa hayahitaji istilahi nzito: "Mzee, ukuta wa tumbo lako umepata tundu. Tutaliziba kwa wavu wa plastiki. Nyama yako itaota ndani ya wavu huo kama udongo unavyoshika fito, kwa hiyo haunuiwi kutolewa. Watu wengi hupona vizuri. Wachache hubaki na maumivu, na wachache zaidi huota usaha au hupata shida ya matumbo, pengine baada ya miaka. Ukiona homa, wekundu, usaha, au ukitapika na haja ikakataa, rudi upesi. Ipo pia njia ya kushona bila wavu. Uzuri wake ni huu na ubaya wake ni huu." Maneno hayo huchukua dakika moja kuyatamka.

Mzee huyo naye ana haki ya kuuliza: Je, ngiri yangu inaweza kushonwa bila wavu? Wavu utakaotumika ni wa aina gani, na utawekwa tabaka gani? Jina lake litaandikwa katika kadi yangu? Nikipata shida baada ya miaka, nimwone nani? Swali la kadi lina uzito wa pekee, kwa sababu mpasuaji wa baadaye atakayelifungua tumbo hilo kwa ugonjwa mwingine anahitaji kujua ndani mna nini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wavu wa ngiri hufaulu kwa kuwa mwili huota ndani yake, na kwa sababu hiyo hiyo matatizo yake huwa magumu kutatuliwa. Wavu umewaokoa wengi wasirudi kupasuliwa, na pia umewaacha baadhi na maumivu, usaha na matumbo yaliyoziba. Mgonjwa ndiye atakayeishi na wavu huo, na ndiye anayestahili kuzifahamu pande zote mbili kabla ya kutia sahihi.

Idara za Kiswahili na vyuo vya utabibu zinaweza kushirikiana kuandaa fomu za ridhaa, vijikaratasi vya maelezo na orodha za istilahi zilizojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, badala ya orodha zinazobaki katika maktaba. Kazi hiyo haihitaji jopo kubwa wala fedha nyingi. Inahitaji mwanaisimu akubali kuketi katika foleni ya kliniki na kusikiliza watu wanavyoyaita maradhi yao, na daktari akubali kwamba neno lililoeleweka vibaya linaweza kumdhuru mgonjwa sawa na kisu kilichoteleza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema. Lakini ili mgonjwa aulize, hana budi kwanza kupewa maneno ya kuulizia.